Mtandao nao ni gharama, tuuandike kwenye daftari

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

SOKO la samaki la Bagamoyo halina ubao wa bei kama Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lilianza shughuli zake mwezi Aprili 1998. Hata hivyo, masoko haya mawili yanaendeshwa na kanuni moja: anayepata habari mapema na kulipa mapema ndiye anayeondoka na mali.

Siku hizi habari na malipo hayo vyote vinapita katika simu ya mkononi. Dalali anapiga simu kabla ya boti kugusa mchanga. Mteja wa Tegeta anatuma fedha kabla hajaona samaki. Mwenye Coaster anaulizwa kwa simu kama bado ana nafasi ya ndoo tatu.

Pamoja na hayo, ukifungua daftari la mchuuzi wa kawaida utakuta barafu, nauli, ushuru na mpagazi. Mtandao humo hutauona. Kama umo, basi umeandikwa "vocha", kana kwamba hiyo ndiyo gharama yote.

Makala haya yanadai kuwa gharama kubwa ya mtandao si vocha wala bando. Ni asubuhi ile ambayo mtandao haupo. Gharama hiyo inahesabika, na mfanyabiashara asiyeihesabu anaibeba bila kujua.

Nilivyompoteza mama mdogo

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa simu. Toleo jipya likiingia Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, huwa nimeshalisoma sifa zake zote. Simu yangu ina laini mbili za mitandao miwili tofauti, na mkobani sikosi betri ya akiba. Tangu nilipomaliza masomo ya biashara chuoni, ndugu na jamaa wamenifanya mshauri wao wa mambo hayo, na kusema kweli kazi hiyo naipenda.

Mama yangu mdogo ananunua samaki Bagamoyo na kuwapeleka Dar es Salaam, mwendo wa kama kilomita 70. Wateja wake ni mama lishe na hoteli ndogo mbili. Kwa miaka mingi alikwenda mnadani na fedha taslimu, zimefungwa kwenye kitambaa na kuchomekwa kiunoni. Mimi ndiye niliyemwambia aache.

"Mama, utaibiwa," nilimwambia. "Weka fedha zote kwenye simu. Dalali ana namba, unamlipa hapo hapo, na kumbukumbu inabaki."

Alinijibu, "Mwanangu, fedha ya mkononi haina foleni." Lakini akakubali, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia.

Mambo yalikwenda vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha ikaja asubuhi moja, nami nikiwa nimemtembelea. Tulifika ufukweni kabla ya saa 1. Boti zilikuwa zimeshuka na changu wazuri, pono na pweza. Mama akashinda bei ya fungu la kilo 40. Alipotoa simu alipe, ikaandika kuwa hakuna huduma.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitalipa mimi. Simu yangu, ya bei mbaya kuliko zote pale ufukweni, ilikuwa imekufa laini zote mbili. Tukakimbilia kwa wakala. Naye alikuwa amekaa kibandani, ameshika tama.

Dalali alisubiri robo saa. Hatuwezi kumlaumu, kwani samaki hawasubiri. Akampa fungu lile mtu mwenye noti.

Pembeni yetu nahodha mmoja mzee alikuwa akizungumza na mteja wake kwa kitochi kilichofungwa raba ili betri isidondoke. Laini yake ilikuwa ya mtandao wa tatu, ambao mimi nilikuwa nikiudharau kwa sababu intaneti yake ilikuwa ya polepole.

Mtandao ulirudi saa 4. Mama alinunua kilo 40 nyingine kutoka kwa mchuuzi aliyekuwa amezichukua mnadani, kwa bei ya juu. Barafu aliyoinunua alfajiri ilikuwa imekwisha kuwa maji. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, Jumamosi kikundi kinataka marejesho, na kikundi hakijui habari ya mtandao."

Laini mbili, mnara mmoja

Jambo lililonisumbua zaidi ni hili: iweje mitandao miwili tofauti izimike dakika moja?

Jibu nilipewa na fundi mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kwenye mnara. Umeme ulikuwa umekatika usiku, betri za mnara zikaisha chaji, na jenereta haikuwaka. Mitandao yangu yote miwili ilikuwa imefungwa kwenye mnara huo huo.

Wasomaji wengi hawalifahamu jambo hili. Zamani kila kampuni ya simu ilijenga minara yake. Leo minara mingi inamilikiwa na makampuni ambayo kazi yao ni kukodisha minara tu, kama vile Helios Towers, na makampuni mawili au matatu ya simu yanapanga kwenye mnara mmoja kama wapangaji katika nyumba moja. Mpango huu unapunguza gharama, na si mbaya. Lakini nyumba ikikosa umeme, wapangaji wote wanalala gizani.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayenunua laini mbili akidhani amejikinga huenda amenunua kinga moja mara mbili. Kabla ya kuchagua laini ya pili, waulize wenyeji: ule mtandao mwingine ukizima, upi huwa unabaki? Wavuvi wanalijua jibu kuliko matangazo.

Kuhusu kitochi cha nahodha, nacho kina maelezo yake. Masafa ya chini, kwa mfano ya megahezi 900, husafiri mbali kuliko yale ya juu ambayo mara nyingi hubeba intaneti ya kasi. Bahari nayo ni tambarare, haina jengo wala kilima cha kuzuia. Mfumo wa zamani wa GSM kwa kawaida huweza kumhudumia mtu hadi kilomita 35 kutoka kwenye mnara. Ndiyo maana simu ndogo yaweza kuongea pale ambapo simujanja inazungusha duara tu.

Biashara ya habari si mpya hapa

Bagamoyo haikuanza jana kutegemea waya. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari mwaka 1879, na mwaka 1890 waya mwingine ukavushwa kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Waya ule ulikuwa wa serikali na makampuni makubwa. Mchuuzi alisubiri jahazi lilete habari.

Zama za simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994, Mobitel ilipofungua huduma yake, mwaka ule ule ambao TTCL ilianza kazi baada ya kugawanywa kwa lililokuwa shirika la posta na simu. Wakati huo simu ya mkononi ilikuwa mali ya wakubwa. Vodacom iliingia sokoni mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Ushindani ukashusha bei, na laini zikafika mikononi mwa wauza samaki.

Mwezi Aprili 2008 M-Pesa ikaanza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Hapo simu ikageuka kuwa sanduku la fedha.

Faida yake haina ubishi. Huko Kerala, India, mtafiti Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa dagaa wakati simu za mkononi zilipokuwa zikiingia kati ya mwaka 1997 na 2001. Katika utafiti alioutoa mwaka 2007 alionyesha kuwa faida ya wavuvi ilipanda kwa wastani wa asilimia 8, huku bei kwa mlaji ikishuka kwa asilimia 4. Mvuvi alipiga simu akiwa bado majini, akajua pwani ipi ina wanunuzi, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mteja wakapata mteja.

Lakini tuangalie vizuri. Faida ile ilitokana na mawimbi kufika baharini, kila siku, kwa uhakika. Simu ilikuwa chombo tu. Bila mawimbi, mvuvi wa Kerala angekuwa na tochi mkononi.

Tufanye hesabu

Hebu tuchukue takwimu za mviringo. Tuseme mchuuzi hupata faida ya Sh 3,000 kwa kila kilo. Kwa kilo 40, hiyo ni Sh 120,000 kwa safari.

Siku mtandao ukizima ananunua kwa mtu wa pili, akiongeza Sh 2,000 kwa kilo. Hapo zimeondoka Sh 80,000. Ongeza barafu ya mara ya pili na mpagazi wa kusubiri, tuseme Sh 15,000. Jumla ni Sh 95,000. Katika faida ya Sh 120,000 anabakiwa na Sh 25,000, na bado hajala wala hajalipa marejesho ya kikundi.

Ikitokea mara mbili kwa mwezi, hasara ni Sh 190,000. Hiyo ndiyo gharama halisi ya mtandao kwa mchuuzi huyo, na haimo katika daftari lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa inapotea huku mwenyewe akidhani kuwa "siku ilikuwa mbaya".

Sasa linganisha na gharama ya kujikinga. Kitochi kipya kinapatikana kwa bei isiyofikia nusu ya hasara ya asubuhi moja. Laini ya mtandao wa mnara mwingine ni bei ya soda chache. Mwenye mtaji ataona mwenyewe upande upi una faida.

Mambo yaliyo nje ya mchuuzi

Umeme wa mnara ni tatizo dogo kati ya mengi. Yako mengine ambayo mchuuzi hana uwezo nayo kabisa.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, ziliharibika, na intaneti ya nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwemo, ikadorora. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, nasi tukazoea haraka kana kwamba zilikuwepo tangu enzi za Kaole. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti haikupatikana nchini kwa siku kadhaa. Wenye maduka ya mitandaoni na wanaopokea oda kwa WhatsApp wanajua siku zile zilivyokuwa.

Ziko pia sheria na kodi. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu iliyofika hadi Sh 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa. Kelele zilikuwa nyingi, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo huo, na baadaye ikapunguzwa tena. Katika kipindi kile nilishuhudia wachuuzi wengi wakirudi kwenye fedha za kiunoni. Hawakuwa washamba. Walikuwa wamepiga hesabu.

Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 16 Juni 2016, simu bandia zilizimwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Aliyekuwa amenunua simu ya bei rahisi bila kuhakiki namba yake kwa *#06# aliamka na kipande cha plastiki.

Kwa wenye hisa

Wasomaji wa ukurasa huu ambao hawauzi samaki wasidhani kuwa hadithi hii haiwahusu.

Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza kwa umma asilimia 25 ya hisa zake, kufuatia sheria iliyoyataka makampuni ya simu kufanya hivyo. Hisa milioni 560 ziliuzwa kwa Sh 850 kila moja, sawa na Sh bilioni 476, na Agosti mwaka huo zikaingia sokoni. Watu wengi walinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani, kwa hoja nyepesi kuwa kila mtu ana simu, basi kampuni haiwezi kukosa faida.

Hoja hiyo ilikuwa na tundu. Uandikishaji wa laini kwa alama za vidole, ambao mwisho wake ulisogezwa hadi Januari 2020, uliwafungia laini wateja wengi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni hiyo ilitangaza hasara ya kiasi cha Sh bilioni 30. Bei ya hisa ilikaa chini ya ile Sh 850 kwa miaka mingi.

Sisemi kuwa hisa za simu ni mbaya. Ninachosema ni kuwa mwenye hisa na mama mdogo wanabeba hatari ile ile kutoka pande mbili. Laini ikifungwa au mnara ukizima, mama hawezi kulipa na kampuni haipati makato yake. Muamala ambao haukufanyika saa 1 asubuhi haurudi saa 4, kwa sababu samaki wameshaondoka.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu, kabla ya kuuliza gawio, mwenye hisa aulize maswali haya: Minara mingapi ina umeme wa akiba wa kutosha usiku kucha? Mapato mangapi yanatokana na fedha za simu, na mangapi yanategemea uamuzi wa bajeti ya serikali ya mwaka ujao? Kampuni isiyoweza kujibu inauza matumaini.

Nini kifanyike

Serikali imefanya jambo katika upande wa minara. Mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na makampuni ya simu walitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Hatua hiyo inastahili pongezi. Lakini kuhesabu minara peke yake hakutoshi. Tuhesabu pia saa ambazo mnara unafanya kazi. Mnara unaolala umeme ukikatika ni sawa na zahanati isiyo na dawa.

Kwa maoni yangu, Mamlaka ya Mawasiliano iyatake makampuni kutangaza kila robo mwaka, wilaya kwa wilaya, saa ambazo huduma haikupatikana. Mnunuzi wa samaki wa Bagamoyo, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa na mwenye hoteli wa Saadani wangejua wachague mtandao gani. Tangu Machi 2017 inaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Haki hiyo haina maana kubwa kama mteja hana takwimu za kumwongoza ahamie wapi.

Wakati tukisubiri hayo, mfanyabiashara mdogo ana mambo manne ya kufanya.

Kwanza, aandike. Kila siku mtandao ukizima, atie tarehe, saa na hasara. Baada ya miezi mitatu atakuwa na takwimu ambazo hata makampuni hayampi.

Pili, laini ya pili iwe ya mtandao ulio kwenye mnara mwingine, na ikae kwenye kitochi chenye chaji.

Tatu, ajifunze kulipa kwa menyu ya nyota na reli bila kutegemea programu ya simujanja. Menyu hiyo haipiti kwenye intaneti, hivyo intaneti ikidorora mara nyingi yenyewe huendelea.

Nne, asiweke mtaji wote katika sanduku moja. Fedha za kununulia fungu moja zibaki taslimu. Akiba haiozi.

Hili la nne ndilo linaloniuma, kwa kuwa ni lile lile nililomwambia mama mdogo aliache. Nilimpa nusu ya ushauri. Nilimwonyesha hatari ya kuibiwa, ambayo inaonekana kwa macho, nikamficha hatari ya mnara, ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeiona.

Wiki iliyopita nilikwenda tena Bagamoyo. Mama mdogo ana simu mbili sasa, na kitambaa kimerudi kiunoni, ila chembamba kuliko zamani. Daftari lake lina safu mpya baada ya barafu na nauli. Ameandika kwa herufi kubwa: MTANDAO. Nilipomuuliza mwezi huu umemla kiasi gani, alifungua ukurasa na kunitajia mpaka shilingi ya mwisho.